Nyota badilifu: maneno ambayo mshindani wa falaki hana budi kuyatenganisha

nyota badilifu nm [i-/zi-] nyota ambayo mwangaza wake, kama unavyopimwa kutoka duniani, huongezeka na kupungua kwa kiasi kinachoweza kupimika.

Fasili hiyo ni fupi, na mwanafunzi anaweza kuikariri kwa dakika moja. Ugumu huanza anapotakiwa kuitumia. Olimpiadi ya Kimataifa ya Astronomia na Astrofizikia, iliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2007 mjini Chiang Mai, Thailand, huwapima wanafunzi wa sekondari kwa namna tatu: nadharia, uchambuzi wa data, na uangalizi wa anga. Nyota badilifu zinaweza kuingia katika sehemu zote tatu. Zinadai fizikia ya nyota, hesabu ya umbali, uchoraji wa grafu, na jicho lililozoea anga.

Katika olimpiadi hiyo maswali hufasiriwa na viongozi wa timu katika lugha za wanafunzi wao kabla ya mtihani. Mwanafunzi wa Tanzania au Kenya, aliyefundishwa fizikia ya sekondari kwa Kiingereza, mara nyingi hufanya ufasiri huo mwenyewe kichwani: husoma swali kwa lugha moja, hulipima kwa Kiswahili, kisha hurudi kuandika jibu kwa lugha ya kwanza. Katika safari hiyo ya kwenda na kurudi, neno moja la Kiswahili likibeba dhana mbili za kifizikia, jibu huharibika kabla hesabu haijaanza. Maneno yanayojadiliwa hapa yamechaguliwa kwa sababu hiyo.

Badilifu, si geugeu

Baadhi ya waandishi huziita nyota hizi *nyota geugeu*. Neno hilo linaeleweka, lakini limezoea kuwasema watu. Kigeugeu ni mtu asiyeaminika, aliyeahidi jana na leo akakana. Nyota nyingi za kundi hili ni kinyume kabisa cha hivyo. Delta Cephei, iliyo katika kundinyota la Kifausi, hurudia mabadiliko yake kila baada ya siku 5.37, na imekuwa ikifanya hivyo tangu ilipoanza kuandikwa habari zake mwaka 1784. Thamani yake kwa wanafalaki inatokana na uaminifu huo. *Badilifu* linataja mabadiliko bila kulaumu wala kudokeza kwamba hayatabiriki, nalo ndilo linalofaa. *Geugeu* lingeweza kubakizwa kwa nyota chache zisizo na utaratibu wowote, ingawa hata huko *badilifu zisizo na utaratibu* husema jambo hilo kwa uwazi zaidi.

Inafaa pia kukumbusha kwamba fani yenyewe ni *falaki* au *astronomia*. *Unajimu*, kwa matumizi ya leo, ni kazi ya mpiga ramli anayetafuta bahati ya mtu katika nyota.

Mwangaza, daraja na uangavu

Neno linalowapotosha wengi zaidi ni *mwangaza*. Katika maandishi ya Kiswahili limetumika kwa nuru inayotufikia, kwa nuru yote inayotolewa na nyota, na pia kwa namba ambayo wanafalaki huitumia kupanga nyota. Sentensi kama hii huonekana haina kasoro: "Mwangaza wa Mira huongezeka kutoka 2 hadi 10." Ukweli ni kwamba Mira, nyota ya kundinyota la Ketusi ambayo huchukua takriban siku 332 kukamilisha mabadiliko yake, ikiwa na namba 2 huonekana kwa macho bila shida yoyote, na ikifika 10 haionekani tena isipokuwa kwa darubini. Namba imeongezeka, nyota imepotea.

Kiini cha jambo ni kwamba namba hiyo si kiasi cha nuru. Ni cheo. Ptolemaio wa Aleksandria, katika karne ya 2 BK, aliorodhesha nyota kwa madaraja sita: zile kali kabisa zikawa za daraja la kwanza, na zile zinazoonekana kwa taabu zikawa za daraja la sita. Msomaji aliyepata kutazama matokeo ya kidato cha nne ya Tanzania hahitaji kufafanuliwa zaidi, kwani daraja la kwanza ni la juu kuliko la nne, na hakuna mzazi anayefurahia namba kubwa. Kwa sababu hiyo *daraja la mwangaza*, au *daraja* tu pale muktadha unaporuhusu, ni istilahi bora kuliko *mwangaza*. *Magnitudi* nayo inakubalika, ila haimkumbushi mwanafunzi chochote.

Mwaka 1856 Norman Pogson aliipa mizani hiyo ya kale kanuni ya hesabu: tofauti ya madaraja 5 ni sawa na nuru mara 100. Daraja moja kwa hiyo ni mara 2.512 hivi. Madaraja hayajumlishwi kama machungwa. Nyota mbili zilizokaribiana sana, kila moja ikiwa ya daraja la 3.0, zikionekana kama nukta moja hazitoi 6.0 wala 1.5. Nuru imekuwa maradufu, na daraja la pamoja ni 2.25. Swali la namna hii hupenda kujitokeza katika mitihani kwa sura mbalimbali, hasa panapohusika nyota pacha.

Baada ya *daraja* kuchukua namba, *mwangaza* linaweza kubaki na maana yake ya kawaida, yaani nuru inayotufikia, na *uangavu* likatengwa kwa nuru yote ambayo nyota huitoa kwa sekunde, iwe karibu au mbali, na ambayo inaweza kuhesabiwa kwa wati. Madaraja nayo ni mawili: *daraja linaloonekana*, ambalo hutegemea umbali, na *daraja halisi*, ambalo nyota ingekuwa nalo kama ingewekwa mahali palipo parseki 10 kutoka kwetu.

Anayeona utenganishaji huu ni wa kupitiliza angesimama usiku wa giza ufukweni na kutazama taa za wavuvi wa dagaa. Taa inayoonekana hafifu inaweza kuwa karabai kali iliyo mbali, au kibatari kilicho karibu. Jicho hupokea mwangaza tu, uangavu halijui. Karibu hesabu zote za nyota badilifu ni juhudi ya kutoka katika kile cha kwanza kwenda katika hiki cha pili.

Kuna tokeo moja la kiutendaji. Kwa kuwa namba ndogo ni nuru nyingi, grafu ya mwangaza huchorwa huku mhimili wa wima ukiwa umepinduliwa: 3.5 juu, 4.4 chini. Mwanafunzi anayechora kwa mazoea ya darasa la hisabati huipindua nyota yake bila kujua, na mlipuko wake ukageuka kuwa kupatwa.

Kupatwa na kupwita

Nyota inaweza kubadilika kwa sababu iliyo nje yake au iliyo ndani yake. Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyozitenga sababu hizo vizuri sana.

*Kupatwa* ni neno la jua na mwezi, na limo katika kauli ya kutendwa. Huwezi kusema jua limepatwa bila kuacha swali: limepatwa na nini? Algol, nyota ya kundinyota la Farisi ambayo jina lake latoka katika Kiarabu *ra's al-ghul*, kichwa cha zimwi, ni mfano mashuhuri. Kwa kawaida ni ya daraja la 2.1, kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49 hushuka hadi 3.4, kisha hurejea, na tukio zima huchukua kama saa kumi. Mwaka 1783 John Goodricke wa York, Uingereza, kijana kiziwi wa miaka 18, aliwasilisha kipindi hicho na kupendekeza kwamba huenda kuna kitu kikubwa kinachoizunguka Algol na kuikinga. Uthibitisho ulikuja mwaka 1889, Hermann Vogel alipopima mwendo wa nyota hiyo kwa spektra. Wanafunzi wanaodhani kazi ya maana hungoja shahada watafaidika kujua kwamba Goodricke alifariki mwaka 1786 akiwa na miaka 21, na nyota zake bado zimo katika mitihani.

Swali la "imepatwa na nini?" ndilo linalopoteza alama. Katika kupatwa kwa Algol zinahusika nyota mbili: moja moto zaidi na ndogo kidogo, nyingine kubwa zaidi lakini yenye joto dogo. Grafu huonyesha mabonde mawili kwa kila mzunguko, moja refu na moja fupi. Wengi hujibu haraka kwamba bonde refu hutokea nyota kubwa inapokingwa, kwa kuwa ni kubwa. Sivyo. Ikiwa njia zao ni za duara, eneo linalofunikwa ni lilelile katika kupatwa kote kuwili. Kinachotofautiana ni ukali wa uso uliofunikwa. Bonde refu hutokea nyota ya moto zaidi inapokuwa nyuma. Kushuka kutoka 2.1 hadi 3.4 maana yake ni kwamba imebaki takriban asilimia 30 tu ya nuru, na kiasi hicho hakiwezi kupotea kwa kuifunika nyota iliyopoa.

*Kupwita* ni kitenzi cha moyo na mshipa. Nyota inayopwita haikingwi na chochote. Yenyewe hutanuka na kusinyaa. Delta Cephei, ambayo Goodricke huyohuyo aliigundua kuwa badilifu mwaka 1784, ni ya aina hii, na grafu yake hujitambulisha: hupanda kwa haraka na kushuka polepole, tofauti na Algol inayokaa tambarare kwa muda mrefu kabla ya kutumbukia. Chanzo ni tabaka la heli lililo chini ya uso. Tabaka hilo likibanwa, atomi za heli hupoteza elektroni zaidi na tabaka huwa zito kupitisha nuru, kama sufuria iliyofunikwa. Joto hujikusanya, shinikizo hupanda, nyota hutanuka. Ikitanuka tabaka hupoa, elektroni hurudi, nuru hupenya, shinikizo hushuka, na uzito wa nyota huirudisha chini. Kifuniko hufungwa tena.

Hapa pana mtego wa pili, nao ni wa mantiki wala si wa lugha. Inavutia kudhani kwamba nyota hizi hung'aa zaidi zinapokuwa kubwa zaidi. Hung'aa zaidi karibu na wakati zinapotanuka kwa kasi kubwa, uso wao ukiwa wa moto. Zinapofikia ukubwa wa juu kabisa tayari zimeanza kufifia, kwa sababu joto la uso lina nguvu zaidi katika uangavu kuliko upana.

Kutokana na hayo yote, *mzunguko* lisitumike ovyo mahali pa *kipindi*. Kwa Algol maneno hayo mawili yanakutana, kwa sababu kipindi cha mabadiliko ni muda wa nyota moja kuizunguka nyingine. Lakini "mzunguko wa Delta Cephei ni siku 5.37" ni sentensi inayomwambia msomaji kwamba kuna kitu kinachozunguka, ilhali hakuna. *Kipindi* linatosha kwa nyota zote. Ukweli kwamba shuleni neno hilo ni dakika arobaini za somo hautamchanganya yeyote.

Na *pulsa*? Jina lake linadanganya: pulsa haipwiti. Ni nyota ya neutroni inayojizungusha, na miali yake hutupitia kama taa ya mnara wa bandarini.

Sefeidi na kosa lililopunguza ulimwengu

Nyota za jamii ya Delta Cephei huitwa *Sefeidi*. Henrietta Leavitt, aliyefanya kazi katika kituo cha uangalizi cha Harvard, alichunguza picha za Mawingu ya Magellan zilizopigwa Arequipa, Peru. Mwaka 1912 alieleza habari za nyota 25 za Wingu Dogo: kadiri kipindi kilivyokuwa kirefu ndivyo nyota ilivyokuwa kali. Kilichofanya ugunduzi huo uwezekane ni kwamba nyota zote zilikuwa katika wingu moja, hivyo kwa umbali ulio karibu sawa. Ni kama taa za wavuvi zinazoonekana zote kwenye kisiwa kimoja cha mbali: hapo taa hafifu ni hafifu kweli. Ajuaye kipindi, basi, anajua daraja halisi, na tofauti kati ya daraja halisi na linaloonekana humpa umbali.

Mwanafunzi aifanye hesabu hiyo kwa mkono angalau mara moja. Kanuni mojawapo inayotumika ni hii: daraja halisi = −2.43 × (log P − 1) − 4.05, P ikiwa kipindi kwa siku. Kwa Delta Cephei, log ya 5.37 ni 0.73, na daraja halisi ni karibu −3.39. Wastani wa daraja linaloonekana ni 3.95. Tofauti ni 7.34, ikigawanywa kwa 5 na kuongezwa 1 hupatikana 2.468, na 10 kwa kipeo hicho ni parseki 294.

Jibu hilo limekosewa, ingawa kila hatua ni sahihi. Vipimo vya paralaksi huiweka nyota hiyo karibu na parseki 270. Kilichosahaulika ni vumbi. Nuru ya Delta Cephei hupoteza takriban madaraja 0.23 njiani, kwa hiyo nyota huonekana hafifu kuliko inavyostahili na hesabu huisukuma mbali. Ukiyaondoa hayo 0.23 hupatikana tofauti ya 7.11 na umbali wa parseki 264. Maneno "bila kuzingatia ufyonzaji wa nuru" katika swali si pambo. Yakikosekana, na swali likitoa kiasi cha vumbi, mshindani anatarajiwa kukitumia.

Kosa kubwa zaidi la aina hii halikufanywa na mwanafunzi. Mwezi Oktoba 1923, katika picha ya galaksi ya Andromeda iliyopigwa Mount Wilson, Edwin Hubble aliweka alama ya N kwenye nyota aliyoidhani nova. Alipoilinganisha na picha za awali akaifuta N na kuandika VAR, kwa alama ya mshangao. Ilikuwa Sefeidi. Kwa kipindi chake Hubble alipata umbali wa takriban miaka ya nuru 900,000, na Andromeda ikatoka nje ya galaksi yetu moja kwa moja.

Kumbe kulikuwa na Sefeidi za namna mbili. Zile za kale, zilizo haba katika metali, ni hafifu kuliko zile changa zenye kipindi hichohicho kwa madaraja 1.5 hivi, na kipimo kilichotumika kilikuwa kimezichanganya chini ya jina moja. Walter Baade alieleza jambo hilo mbele ya wanafalaki waliokusanyika Roma mwaka 1952. Madaraja 1.5 ni nuru mara 4. Nuru mara 4 ni umbali mara 2. Galaksi zote zilizopimwa kwa njia hiyo zikasogea hadi umbali maradufu kwa siku moja, bila nyota hata moja kusogea. Leo Andromeda inakadiriwa kuwa umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5. Swali linapotaja "Sefeidi ya aina ya pili", neno hilo *pili* lina uzito wa nusu ya umbali.

Mazoezi chini ya anga la Afrika Mashariki

Vitabu vingi humwelekeza mwanafunzi kwenye Delta Cephei. Kwa aliye Dar es Salaam ushauri huo una manufaa machache, kwani nyota hiyo haivuki nyuzi 25 juu ya upeo wa kaskazini, mahali penye ukungu na taa za mji. Kumetameta nako huzidi huko chini. *Kumetameta* ni kazi ya hewa yetu, hudumu sehemu ya sekunde, na hakuhusiani na ubadilifu wa nyota. Anayeanza hupaswa kulitenga neno hilo mapema, la sivyo kila nyota itakuwa badilifu.

Mbadala ulio bora ni Eta Aquilae, Sefeidi iliyo karibu kabisa na ikweta ya anga, katika kundinyota la Ukabu. Edward Pigott, jirani na mwenzi wa Goodricke, aliitambua mwaka huohuo wa 1784. Jioni za Julai hadi Oktoba hupanda juu kabisa, na hubadilika kati ya 3.5 na 4.4 kwa siku 7.18, bila haja ya darubini. Nyota za kuilinganisha zipo karibu: Theta Aquilae ya 3.2, Beta Aquilae ya 3.7 na Iota Aquilae ya 4.4. Mwangalizi hutafuta nyota mbili, moja iliyo kali kuliko badilifu na nyingine hafifu, kisha hukadiria badilifu imefika wapi katika njia kati yao. Ikiwa imepita robo tatu ya njia kutoka Beta kwenda Iota, daraja ni 4.2. Huandika namba hiyo papo hapo, bila kutazama aliyoandika jana. Jicho hupenda kuona linachokitarajia, na aliyekwisha kukariri grafu ya Eta Aquilae ataichora hata mawingu yakiwa yametanda. Wiki tatu za makadirio ya kila jioni hutosha kuonyesha kupanda kwa haraka na kushuka kwa polepole. Anayetaka kulinganisha kazi yake na ya wengine atapata makadirio mengi yaliyo wazi kwa wote katika hifadhi ya AAVSO, chama cha waangalizi wa nyota badilifu kilichoanzishwa Marekani mwaka 1911.

Kisha kuna saa. Wanafalaki huandika wakati kwa siku za Juliasi, hesabu ya siku isiyo na miezi wala miaka, ambayo huanza siku mpya adhuhuri kwa saa za Greenwich, yaani saa tisa alasiri kwa saa za Afrika Mashariki. Adhuhuri ya Greenwich ya tarehe 1 Januari 2000 ilikuwa siku ya 2451545.0. Mwangalizi aliyetazama Algol saa tatu usiku wa tarehe hiyo akiwa Nairobi alipaswa kuandika 2451545.25, kwa sababu kwake ilikuwa 21:00, na Greenwich 18:00. Lakini akiandika daftarini "saa 3" na mwenzake akaja kuisoma namba hiyo kama 03:00, hesabu itatoa 2451544.5. Tofauti ni siku 0.75, saa kumi na nane, wakati kupatwa kote kwa Algol huchukua saa kumi. Bonde litachorwa mahali pasipo na bonde, zaidi ya robo ya kipindi kutoka mahali pake. Saa ya Kiswahili haina kosa lolote. Kosa ni kuacha neno *usiku* nyuma na kubeba namba peke yake. Daftari la uangalizi lina haja ya safu mbili, moja ya saa kama ilivyosemwa na nyingine ya saa ya Greenwich, nazo zijazwe usiku uleule.

Tarehe zikishakuwa siku za Juliasi, makadirio ya wiki nyingi yanaweza kukunjwa katika kipindi kimoja. Hutolewa siku ya kilele iliyochaguliwa, hugawanywa kwa kipindi, na hubakizwa sehemu ya desimali tu. Hiyo ndiyo *awamu*, namba kati ya 0 na 1, na neno ni lilelile litumikalo kwa awamu za mwezi. Kipindi kikiwa sahihi, nukta zilizotawanyika hujipanga katika mstari mmoja. Kikiwa na kosa dogo hutawanyika tena.

Kujipanga huko, hata hivyo, kunaweza kudanganya. RR Lyrae, nyota ya kundinyota la Kinubi inayoonekana kwa darubini ndogo ya mikono miwili, ina kipindi cha siku 0.567, yaani saa kumi na tatu na nusu hivi. Anayeitazama kila siku saa mbili usiku kamili huikuta kila mara imeruka karibu awamu mbili nzima, na nukta zake zitajipanga vizuri kabisa katika kipindi cha siku 4.2 ambacho hakipo. Nidhamu ya kutazama saa ileile, inayosifiwa katika kila ratiba ya masomo, ndiyo iliyokizaa. Tiba yake ni kutazama mara mbili kwa usiku mmoja, walau siku chache, saa mbili na tena saa tano: kwa kipindi cha siku 4.2 nyota ingekuwa imesogea awamu 0.03 tu, lakini kwa kipindi cha kweli itakuwa imesogea 0.22, na jicho litaiona tofauti.